Mianzi ya Ukingoni kwa Ndezi

Hadithi hii alinipa shangazi yangu Sikudhani, yeye anachuja ulanzi, ile pombe ya mianzi, mimi nimemshikia kibuyu. Na yeye alipewa na mama yake, msimu ule mto ulipochukua shamba lao lote la mahindi. Shangazi alikuwa mcheshi wa kupindukia, lakini hii hakuisimulia akicheka. Basi nawapa kama nilivyopokea. Sogeeni. Wewe Lutengano, acha kumvuta mwenzako blanketi.

Zamani hiyo, watoto, zamani iliyokuwa ya zamani hata kwa wazee wa shangazi, wanyama walikaa majumbani kama sisi. Walilima, walioana, walizikana, na wakikosana walishtakiana barazani.

Sasa palikuwa na Ndezi. Ndezi mnamjua, yule kama panya ila mnene, meno ya rangi ya chungwa, anakaa kwenye matete. Huyu Ndezi alikuwa mjane. Mumewe alichukuliwa na maji siku ya mvua kubwa, akivuka kwenda kununua chumvi. Mto ukamburura, ukamburura, ukamtupa kwenye ukingo wa shamba lake mwenyewe. Na desturi yao ilikuwa hivi: aliyekufa kwa maji huzikwa pale pale maji yalipomwacha, na kaburi lake halihamishwi.

Basi wakamzika ukingoni. Ndezi akabaki na mama mkwe wake, kizee cha mdomo mkali na miguu mibovu, na kile kipande cha ardhi kando ya mto.

Shida ilikuwa mto. Kila masika mto unamega ukingo. Udongo unapasuka polepole, unaning'inia, halafu pwaa, uko majini. Mwaka wa kwanza baada ya msiba, ukingo ulikuwa hatua ishirini kutoka kaburini. Mwaka wa pili, hatua kumi na mbili.

Mama mkwe akasema, "Mwanangu, mto ulimuua mara moja. Unarudi kumchukua mara ya pili."

"Nimeona, mama."

"Umeona, halafu?"

Kesho yake alfajiri Ndezi akafunga kibwebwe, akavuka vilima viwili mpaka kwa kaka yake aliyekuwa na mianzi. Akang'oa vishina vyenye mizizi, akavifunga kwenye majani mabichi ya mgomba, akavibeba kichwani. Alikwenda mara nne. Akachimba mashimo kwenye ukingo wote, akatia majivu na samadi, akapanda, akafunika kwa nyasi. Maana mizizi ya mwanzi, wajukuu zangu, hushikana chini kama watu waliokumbatiana msibani. Udongo ulioshikwa na mwanzi hautoki ovyo.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Mianzi ikatoa vijiti vyembamba kama miiko ya uji.

Jirani yao alikuwa Nyati. Nyati alikuwa na mashamba pande zote, ana watoto wengi, ana nguvu, na akipita njiani wenzake wanakaa pembeni. Akapita akaviona vile vijiti.

"Shemeji, habari za kazi?"

"Salama, shemeji."

"Hivyo ni nini? Umepanda fimbo za kuchungia kuku?"

"Ni mianzi, shemeji."

"Aa. Mianzi." Akavitazama tena. "Basi ikiwa mikubwa uniambie, nije na miwani."

Akaenda zake, gudu gudu gudu, anacheka peke yake.

Mvua ya pili ikanyesha. Vijiti vikaongezeka kidogo, vikawa unene wa kidole. Nyati akapita tena.

"Shemeji, mianzi yako imegoma."

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni anachambua kunde za kuomba kwa watu. Akamjibu bila kuinua kichwa. "Mwanzi hujenga chini kwanza ndipo ujenge juu. Kuna wengine walijengwa juu tu, chini hakuna kitu."

Nyati akafyonya, akaenda. Lakini hakwenda hivi hivi. Alikuwa analitazama lile shamba. Pale kwa Ndezi mteremko wa kwenda mtoni ni laini, na watoto wake Nyati walizunguka mbali kufuata maji. Akasema moyoni, hapa ndipo pa kupitisha njia. Akaenda kwa Tembo, akamwambia, "Tukilipata shamba la yule mjane, mimi nachukua njia, wewe unachukua pale penye tope, unaoga kila siku."

Tembo akasema, "Tope ni zuri?"

"Zuri sana."

"Basi sawa." Tembo hakuwa mbaya. Alikuwa mkubwa tu, na mkubwa mara nyingi hatazami anakokanyaga.

Mvua ya tatu ikaja. Na hiyo ndiyo mvua Ndezi aliyokuwa akiingoja. Asubuhi moja ametoka na jembe lake, akakuta ardhi imepasuka kila mahali kuzunguka mianzi, na machipukizi yametokeza, manene kama mkono wa mtu mzima, yamejifunika maganda yenye vinyweleo vinavyowasha. Akayahesabu: ishirini na tisa. Akachuchumaa pale akalia kidogo, kilio cha shukrani. Machipukizi yale yakikua ndiyo mianzi yenyewe, na kila mmoja una mizizi yake.

Siku ya tatu baadaye akaja mjumbe: unaitwa barazani, umeshtakiwa na Nyati.

Baraza lilikuwa uwanjani kwa Jumbe Korongo. Korongo alisimama kwa mguu mmoja, kama kawaida yake akifikiri. Wanyama wote wapo. Tembo yupo, kakaa nyuma, kawazibia jua watu kumi.

Nyati akasema, "Jumbe, sheria yetu ipo. Ardhi isiyotoa mavuno kwa mvua tatu inarudi kwako, na wewe unampa anayeweza kuilima. Huyu shemeji yangu mvua hii ni ya tatu. Hajavuna hata punje. Mimi naiomba ile ardhi."

Korongo akamgeukia Ndezi. "Ni kweli, mama?"

"Jumbe, nimepanda mianzi. Mwanzi unataka miaka minne, mitano, ndipo ukatwe. Na ule ukingo una kaburi la mume wangu. Nyati akipitisha wanawe pale, kwato zitamaliza kilichobaki."

Korongo alimhurumia, lakini Jumbe hahukumu kwa huruma. "Mama, sheria haisemi mwanzi wala mtama. Inasema mavuno. Na mavuno unayajua yanavyohesabiwa. Siyo yale unayosema umekula mwenyewe nyumbani kwako. Ni yale yaliyoingia kinywani mwa mtu wa nje, akaja hapa akasema, nimekula cha shamba lile. Unaye mtu wa namna hiyo?"

"Kwa leo sina."

"Basi mwezi ukiandama nitatoa neno. Zimebaki siku tisa."

Minong'ono ikaanza. Watu wakajua Ndezi amekwisha. Ndezi akainua mkono.

"Jumbe, naomba kumuuliza shemeji yangu maneno mawili, lakini arambe udongo kwanza."

Kuramba udongo, watoto, ndiyo yamini yao. Aliyeramba udongo akasema uongo hasimami tena barazani, na ardhi yoyote aliyopewa na Jumbe ananyang'anywa. Mtu haombi mwenzake arambe udongo kwa mchezo.

Nyati akasogea, kifua mbele. Akainama, akaramba, akafuta mdomo. "Uliza."

"Shemeji, labda nina shamba jingine mahali, umelisahau?"

Watu wakatazamana. Mbona anajichimbia shimo?

"Huna," Nyati akasema. "Huna hata tuta moja la viazi. Unga unaokula ni wa kibarua, unalima kwangu mke wangu anakupimia."

"Labda basi naokota porini? Uyoga, mlenda, matunda?"

"Tangu lini? Kutwa nzima uko kwangu na jembe, jioni uko kwenye vijiti vyako. Pori huendi. Mama mkwe wako ndiyo kabisa, hafiki hata kisimani."

"Na ndugu zangu, hawaniletei kitu?"

"Kaka yako alihama mwaka jana. Kunde unazoomba kwa watu nazo zimekwisha, mke wangu kaniambia. Mwezi huu mnakula ugali na chumvi. Hakuna anayekupa hata jani la mboga. Narudia, na udongo unanisikia: mkono wako hauna pa kushika ila kile kipande cha ukingo, na kile kipande hakijatoa kitu."

"Ahsante, shemeji. Wote wamesikia."

"Tumesikia," baraza likajibu.

Ndezi akarudi nyumbani. Mama mkwe alishapata habari, maana habari mbaya haina miguu mibovu. Akamkuta kakaa mlangoni, kanga kajifunika mpaka kichwani.

"Mwanangu, umeapisha watu kwamba sisi maskini. Hilo lilikuwa linahitaji kiapo?"

Ndezi akaketi chini, akamshika miguu. "Mama, ule mwaka wa nzige, uliniambia mlikula nini?"

Kizee akafunua uso. Akamtazama mkwewe muda mrefu.

"Tulikula machipukizi ya mianzi," akasema. "Mabichi ni machungu, na yana sumu. Unamenya maganda, unakata vipande vyembamba, unachemsha chungu kikiwa wazi ili ule uchungu utoke na mvuke. Maji unamwaga. Unachemsha tena, unamwaga. Mara ya tatu unatia magadi na chumvi. Hapo inakuwa mboga, tena mboga tamu. Nzige walipokwisha watu wakaona aibu, chakula cha njaa. Wakaacha. Siku hizi hakuna anayejua."

"Nyati hajui?"

"Nyati anajua nini?"

"Basi."

Mama mkwe akaanza kuelewa, na alipoelewa hakufurahi. "Lakini nani atakula, aende kusema barazani? Digidigi anamwogopa Nyati. Kanga anakaa kwenye shamba la Nyati. Hakuna atakayefungua kinywa."

"Atakula Nyati mwenyewe."

Kizee akaishusha kanga mabegani.

"Na Tembo," Ndezi akaongeza.

"Tembo wa nini? Una akili wewe? Tumbo la Tembo litamaliza ukingo mzima."

"Nyati ana mdomo wa kukana, mama. Tembo hajui kukana."

Mama mkwe akatazama kule mtoni, kwenye machipukizi. Sauti yake ikawa ndogo. "Kila utakalokata ni mwanzi mmoja usioota. Ni mizizi iliyokuwa imshike mwanangu. Unajua?"

"Najua."

"Mto ukija kabla haijaota mingine?"

"Mto huenda usije, mama. Nyati lazima aje."

Hapo shangazi Sikudhani alikuwa anaacha kuchuja, na mimi naacha kuchochea moto.

Siku mbili kabla ya mwezi kuandama, Ndezi akachukua mundu wake akashuka ukingoni. Alikata asubuhi, umande haujakauka. Chaa. Chaa. Kila chipukizi akilikata analiweka chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akakata ishirini na mawili. Saba ya karibu kabisa na kaburi hakuyagusa. Mikono ilimwasha mpaka ikavimba.

Mama mkwe alimenya. Hakusema neno tangu chipukizi la kwanza mpaka la mwisho, na kwa kizee yule hilo lilikuwa jambo. Wakachemsha chungu kikiwa wazi, wakamwaga. Wakachemsha, wakamwaga. Mara ya tatu magadi na chumvi. Harufu ikajaa nyumba nzima, harufu ya mahindi mabichi.

Kisha Ndezi akatuma ujumbe kwa Nyati na Tembo: njooni adhuhuri, nawapikia chakula cha kuagana. Maana kwao mtu anayeondoka kijijini huwapikia majirani, wale, waachane bila kinyongo, na jirani aliyeitwa akakataa amejitakia laana. Ndezi hakusema anaondoka. Alisema chakula cha kuagana. Nani anaagana na nani, hakumwambia mtu.

Nyati alipopata ujumbe alitikisa pembe kwa furaha. "Kaona mwenyewe. Mwanamke mwenye busara."

Adhuhuri wakafika. Tembo hakuingia mlangoni, akakaa nje, akapitisha mkonga dirishani. Ndezi akaweka ugali, akaweka mabakuli ya mboga inayofuka moshi.

"Karibuni, shemeji. Karibu, Bwana Tembo. Ugali ni unga wa kwako, shemeji, ule wa kibarua cha wiki jana."

"Naujua, naujua." Nyati akamega tonge, akachovya, akatia kinywani. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena, haraka.

"Shemeji, mboga gani hii?"

"Mgeni hapekui chungu, shemeji. Kula."

"Ni uyoga?"

"Uyoga una vyumba ndani?" Tembo akauliza kutoka dirishani. Alikuwa ameinua kipande kwa mkonga, anakitazama kwenye mwanga. "Hii ina vyumba vyumba, kama ngazi. Sijaona mboga yenye ngazi."

"Wewe kula, acha kusoma mboga," Nyati akasema. "Labda ni moyo wa mgomba."

"Mgomba nimekula mingi. Siyo."

"Basi ni kitu cha kwao."

Wakala. Nyam, nyam, nyam. Nyati akamaliza bakuli, akaongezwa. Tembo akamaliza matatu, akapitisha mkonga tena, polepole, kwa haya.

"Mama, kama kipo kidogo."

Mama mkwe akampa la nne. Aliliweka mbele yake kwa mikono miwili, akamtazama akila mpaka mwisho. Bakuli lile lilikuwa machipukizi matatu.

"Mmeshiba?" Ndezi akauliza.

"Tumeshiba," Nyati akasema, anajichokonoa meno. "Sikufichi, shemeji. Mke wangu hajawahi kunipikia hivi."

"Mtu akiwauliza, mtasema?"

"Kwa nini tusiseme? Chakula kizuri husemwa."

"Hata mbele ya Jumbe?"

"Hata mbele ya Jumbe." Akainuka, akapiga mbweu, bweee. "Kesho kutwa, basi. Kitanda chako kama kizito, nitawatuma wanangu wakusaidie kubeba."

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake baraza likajaa kuliko siku ile. Ndezi alikuja na mama mkwe wake, kambeba mgongoni, na kizee mkononi kashika chungu kidogo kilichofunikwa. Ndezi mwenyewe kashika kapu.

Korongo akasema, "Siku zimekwisha. Mama, unaye mtu wa nje aliyekula cha shamba lako?"

"Ninao wawili, Jumbe. Nyati na Tembo."

Watu wakacheka. Nyati alicheka kuliko wote. "Mimi? Mimi nimekula vijiti?"

"Jumbe, naomba Bwana Tembo arambe udongo."

Tembo akasogea, watu wakampisha. Akagusa udongo kwa ncha ya mkonga, akaupeleka mdomoni.

"Bwana Tembo, juzi adhuhuri ulikula wapi?"

"Kwako."

"Ulikula nini?"

"Ugali na mboga. Mabakuli manne." Akafikiri. "Nisamehe, nilitaka kusema matatu, lakini ni manne."

Mama mkwe akafunua chungu kile. "Onja, baba. Ni hii?"

Tembo akaonja. "Ndiyo hii."

Ndezi akafungua kapu. Akatoa chipukizi moja la mwanzi, bichi, na maganda yake. Lilikuwa moja katika yale ishirini na mawili. Akaanza kulimenya mbele ya watu wote, ganda baada ya ganda, vinyweleo vinaruka. Akafika katikati, kweupe. Akalipasua kwa mundu, akaliinua.

Ndani palikuwa na vyumba vidogo vidogo, kimoja juu ya kingine.

Tembo akasema taratibu, "Ngazi."

"Ukingoni kwangu kuna visiki ishirini na viwili vibichi," Ndezi akasema. "Jumbe atume mtu akahesabu."

Korongo akamtuma Kanga. Kanga akaenda mbio, akarudi anahema. "Ishirini na viwili, Jumbe. Vinatoa maji bado."

Nyati akasimama. Hakuwa anacheka tena. "Jumbe, huyu ametudanganya. Ile mboga haikutoka pale. Aliiokota pengine, akaja kukata hivi vijiti kutuzuga."

"Pengine wapi?" Ndezi akauliza.

"Porini."

"Siku tisa zilizopita uliramba udongo ukasema pori siendi."

"Basi... kaka yako amekuletea. Ana mianzi yule."

"Uliramba udongo ukasema kaka yangu amehama, na hakuna anayenipa hata jani la mboga."

"Una shamba jingine basi, umelificha!"

Nyati mwenyewe alijisikia akilisema, akaishia hapo, mdomo wazi.

Korongo akateremsha mguu wake wa pili, akasimama kwa yote miwili. Alifanya hivyo siku ya kutoa neno tu.

"Nyati, njia zako ni mbili, na zote umezilima mwenyewe. Kama mboga ilitoka pengine, uliapa uongo, na mashamba yako yote niliyokupa yanarudi leo. Kama uliapa kweli, mboga ilitoka ukingoni, na wewe ndiye shahidi wa mavuno yake. Chagua, sisi tunakungoja."

Nyati aliinamisha kichwa mpaka pembe zikagusa chini. Shangazi alisema alikaa hivyo muda wa kutosha kuchemsha chungu kimoja na kumwaga maji. Hakuna aliyemharakisha.

"Nimekula," akasema.

"Hatukusikia," mama mkwe akasema kutoka mgongoni kwa mkwewe.

"Nimekula cha shamba la Ndezi. Nikashiba."

"Basi ardhi ni ya Ndezi," Korongo akasema. "Mvua hii na zijazo."

Watu hawakushangilia. Wengi walikuwa wanatazama lile chipukizi lililopasuliwa mkononi mwake. Ndezi alilifunga tena kwenye kapu, akarudi nyumbani na mzigo wake wa kizee mgongoni. Walipofika, mama mkwe akaomba ashushwe ukingoni. Akakaa karibu na yale saba yaliyobaki, akayagusa moja moja.

"Machache," akasema.

"Machache, mama. Lakini yetu."

Kesho yake asubuhi wakasikia mto unapiga kelele, pwaa, pwaa. Wakatoka mbio, wakidhani ukingo umekatika. Wakamkuta Tembo kasimama majini mpaka magotini, anaokota mawe makubwa kwa mkonga, anayapanga chini ya ukingo, pale penye visiki.

"Bwana Tembo, nani kakutuma?"

"Hakuna." Hakumtazama usoni. "Mimi sikujua nilikuwa nakula ukingo wa marehemu. Nilidhani nakula mboga. Naweka mawe mpaka mianzi mingine iote."

Mama mkwe akamtazama akipanga, akasema, "Vizuri, mwanangu. Mabakuli mawili yalikuwa ya Nyati. Na ya kwake uweke."

Tembo akaweka na ya Nyati.

Na neno la hadithi ni hili moja: aliyeshibishwa na shamba hana kinywa cha kusema shamba halikuzaa.

Haya. Moto umebaki majivu, na macho yenu nayo yamebaki madogo. Kila mtu ageukie upande wake. Laleni.